Kwa Nini Mashine ya Kinyozi Haiwezi Kunyoa Farasi?

Je, wajua kwamba farasi wengi wa Uingereza hunyolewa mwili, tena hunyolewa wakati baridi inapoanza? Ukiambiwa mara ya kwanza unadhani unataniwa. Baridi inabisha hodi, mnyama wa watu kajiotea koti lake zito, halafu anakuja mtu na mashine kumvua!

Sababu ni jasho. Farasi hutoka jasho mwili mzima kama sisi, na jasho lake lina protini inayolifanya litoe povu. Ndiyo maana baada ya mbio utamwona ana povu jeupe shingoni, pale hatamu zinaposugua. Sasa mkimbize Desemba akiwa na manyoya mazito. Ataloa hadi ngozini, na koti hilo likishaloa halikauki upesi. Anarudishwa bandani akiwa chepechepe, jua limeshazama, baridi inamwingia. Afadhali anyolewe, akauke haraka, kisha avishwe blanketi lake.

Ajabu ni kwamba manyoya hayo hayaletwi na baridi peke yake. Yanaletwa zaidi na giza. Mchana ukianza kufupika baada ya Juni, mwili wa farasi husoma mabadiliko hayo na kuanza kuandaa koti la baridi. London, mchana wa Juni hufika saa 16 na nusu, na wa Desemba haufiki hata saa 8. Nairobi tofauti hiyo ni dakika kumi hivi kwa mwaka mzima, kwa hiyo farasi wa Ngong Racecourse hapati ishara kali kama ile. Uingereza kazi ya kunyoa huanza Oktoba, na wengi hupenda kuimaliza kabla ya Januari kwisha, ili wasiharibu koti jipya la kiangazi linalochipuka.

Haya, tuchukue mashine. Ukiigeuza uitazame kwa karibu, kichwa chake ni vitana viwili vya chuma vilivyolaliana. Cha chini hakisogei. Kinachambua nywele na kuzisimamisha. Cha juu kinakwenda kushoto na kulia kwa kasi, ndicho kinachokata. Hapo mashine ya kinyozi wa mtaani na ya farasi ni ndugu.

Zinapoachana ni kwenye kazi. Kichwa cha mtu ni robo saa, nusu saa ukiongeza na stori. Farasi wa kilo 500 ni saa moja au mbili za kukata mfululizo, na manyoya yake yamesongamana, chini yake kuna vumbi na mafuta ya ngozi. Mota ndogo ikiingizwa humo inaanza kulia, kasi inashuka, meno yanavuta nywele badala ya kuzikata. Farasi akivutwa nywele hakuvumilii kama mteja wa kwenye kiti.

Hata kabla ya hapo, chuma kimeshapata moto. Joto ndilo jambo ambalo mnunuzi wa mara ya kwanza halifikirii kabisa. Yeye anauliza nguvu na bei. Mtazame saisi, yaani mtunza farasi, akiwa kazini. Kila dakika chache anazima mashine, anageuza mkono, analaza bapa la chuma kwenye ngozi laini ya ndani ya kifundo. Likimchoma yeye, litamchoma na farasi. Anapangusa manyoya, anadondoshea mafuta kwenye meno, anapiga brashi matundu ya kupitishia hewa, anasubiri. Huyu ni mnyama anayehisi inzi mmoja akitua ubavuni na kuitetemesha ngozi pale pale. Ukimchoma mara moja, mwaka ujao akisikia mngurumo tu anaanza kurudi nyuma.

Kwa hiyo mashine za mwili wa farasi zina mota kubwa, feni ya kupooza, na skrubu ya kurekebisha vile vitana viwili vikazane kiasi gani. Vikilegea haikati, vikikazwa mno inachemka. Nyingi zina uzito wa kilo moja au zaidi, na hapo ndipo mkono unapolalamika, hasa ukifika chini ya tumbo. Kwa uso, masikio na nyuma ya miguu hutumika ndogo, nyepesi, yenye sauti ya chini. Ukiniuliza mimi, mwenye farasi mmoja asikimbilie kubwa kuliko zote dukani. Achukue ya kati isiyopiga kelele, na pesa inayobaki anunue meno ya akiba, maana jino butu ndilo chanzo cha nusu ya ugomvi. Ya betri haina waya wa kukanyagwa na kwato, lakini ikizima katikati unabaki na farasi wa rangi mbili hadi ijae chaji.

Namba za meno nazo huchanganya. Kwa kinyozi, kitana cha plastiki namba 2 kinaacha nywele ndefu kuliko namba 1. Kwenye meno ya chuma mambo yamegeuka: namba 10 huacha milimita 1.5 hivi, na namba 40 huacha robo milimita, kipara cha kumwandaa mnyama kwa upasuaji. Mtu akidhani 40 ni "ndefu zaidi" atamwacha farasi na ngozi tupu kwenye baridi.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkasi, au kwa kuunguza ncha za manyoya kwa mwali wa moto. Kisha zikaja mashine za kuzungusha kwa mkono: mmoja anazungusha gurudumu, mwenzake ananyoa. Mojawapo ya kampuni zilizozitengeneza, Chicago Flexible Shaft Company ya Marekani, ilikuja kuitwa Sunbeam, ile ya vyombo vya umeme vya jikoni.

Sehemu nyingine huachwa makusudi. Farasi wa kuwinda hubakiziwa manyoya ya miguu, yamkinge na miiba na tope, na kipande cha mgongoni pale tandiko linapokaa. Na sharubu za mdomoni haziguswi. Farasi haoni kilicho chini ya pua yake, kwa hiyo hupapasa kwa hizo. Tangu tarehe 1 Julai 2021, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, halimruhusu kushindana farasi aliyenyolewa sharubu, isipokuwa kama ziliondolewa na daktari wa mifugo kwa sababu ya matibabu. Kinyozi aliyezoea kumalizia kazi kwa kuchonga ndevu, hapo inabidi aweke mashine chini.