Karatasi yangu haikusema mtoto amepona

Wiki iliyopita nimelisikia tena swali lilelile. Safari hii kwa simu, mjomba wa mgonjwa kutoka Rombo: "Dada, kipimo si kilitoka safi? Sasa hizi dawa anakunywa za nini?"

Kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo, kipimo kiitwacho EEG kinachosaidia kuchunguza kifafa, hapa Moshi. Swali hilo nimeulizwa na wazazi, walimu, hata wahudumu wenzangu wa afya, na kila mara linaniuma.

Mengine niyamalize haraka. Mashine haiingizi umeme kichwani, inasikiliza tu. Haisomi mawazo. Povu la mtu mwenye kifafa haliambukizi. Akianguka mlaze ubavu, ondoa vya kumuumiza, angalia saa, na usimtie kijiko mdomoni. Nataka tukae kwenye hilo neno "safi".

Mgonjwa akifika napima kichwa chake kwa futi kama ya fundi cherehani, kuanzia panapoanzia pua hadi kwenye kifundo cha kisogoni, kisha sikio kwa sikio, naweka alama kwa penseli ya nta. Wanafunzi wamenyolewa, kazi inakwenda. Mama aliyesuka twende kilioni naye ananirahisishia, kwa sababu napita kwenye njia za nywele. Rasta ndizo zinazonitoa jasho. Nasugua ngozi, naweka krimu, nabandika nyaya 21. Namwambia afumbe macho, na kwenye skrini, upande wa kisogoni, mawimbi ya alfa yanainuka, 8 hadi 13 kwa sekunde, yamepangika vizuri. Akifumbua yanatoweka. Nimeyaona mara nyingi mno na bado nayafurahia.

Halafu narekodi dakika 20 au 30. Hapo ndipo shida ilipo. Mtu ana saa 24 kwa siku, mimi nimeazima nusu saa, tena ametulia kitandani. Askari akipita mtaani kwenu mchana asikutane na mwizi, hawezi kuandika kwamba mtaa hauna wezi. Wengi wenye kifafa cha kweli, nusu yao au zaidi, kipimo cha kwanza hakionyeshi kitu. Ukirudia, na ukampima akiwa usingizini, unawanasa wengi zaidi, lakini wapo ambao hutawanasa kamwe.

Sababu si uvivu wa mashine. Umeme tunaoutafuta ni wa mikrovolti, yaani sehemu za milioni moja ya volti, na unapaswa kupenya fuvu na ngozi kabla haujanifikia. Eneo dogo la ubongo likichachamaa peke yake silioni. Linatakiwa eneo la sentimita za mraba kama 6 au zaidi liwake kwa pamoja. Na kuna mikunjo ya ubongo iliyojificha ndani, chini ya sehemu iliyo kando ya sikio au katikati ya sehemu iliyo nyuma ya paji, ambayo inaweza kuunguruma huko bila nyaya zangu kusikia lolote.

Ndiyo maana tunamwomba mzazi amkeshe mtoto usiku ili aje asinzie kwetu. Mama anahangaika naye mpaka alfajiri, wanapanda Noah, mtoto anapiga usingizi wote kati ya Mkuu na Himo, ananifikia macho makavu! Simlaumu mama. Lakini kipimo hicho kikitoka "safi", usafi wake ni wa namna gani?

Kwa kawaida kifafa kinatambuliwa kwa historia: matukio mawili yasiyo na kichocheo, yaliyopishana zaidi ya saa 24, yakielezwa na aliyeyaona. Video ya simu ya jirani inaweza kumsaidia daktari kuliko karatasi yangu. Kipimo kinaongeza uzito, kinasaidia kujua aina ya kifafa na dawa gani ichaguliwe. Ikitokea mtu akaanguka nyaya zikiwa kichwani na mawimbi yasibadilike, hapo tuna habari nyingine, huenda kuanguka huko si kwa kifafa, na hata hapo haimaanishi anajifanya. Mwili unaweza kuanguka kwa dhiki ya nafsi, na dhiki hiyo nayo ina tiba yake.

Hamu ya kutaka mashine hii iseme yasiyo yake ni ya zamani kama mashine yenyewe. Hans Berger, daktari wa akili wa Jena, Ujerumani, alipokuwa kijana jeshini aliangushwa na farasi, nusura apondwe na gari la mzinga. Siku hiyohiyo dada yake, akiwa mbali, alishikwa na hofu, akamsihi baba yao apeleke telegramu kuuliza hali yake. Berger akaamini hofu yake ndiyo iliyosafiri hadi kwa dada, akatumia miaka mingi kuitafuta nguvu hiyo. Mwaka 1924 alinasa mawimbi ya ubongo wa binadamu, mwaka 1929 akayachapisha, na wengi hawakumwamini mpaka watafiti Adrian na Matthews wa Cambridge, Uingereza, walipoyathibitisha mwaka 1934. Alichokitafuta hakukipata. Alichokipata ndicho ninachobandika vichwani kila asubuhi.

Na mimi nina hofu yangu. Kosa la upande wa pili lipo: mawimbi yenye ncha, ambayo ni ya kawaida kwa mtu anayesinzia, kusomwa kama kifafa. Mtu anaweza kunywa dawa miaka kwa kosa hilo. Wasomaji wawili wazuri wanaweza kutofautiana juu ya ukurasa mmoja. Kuna rekodi nilizozirudia mara tano na mpaka leo sijui kama nilistahili kuzitilia alama.

Lakini linaloninyima usingizi ni jingine. Miaka ya nyuma nilimpima binti wa kidato cha pili. Niliandika kwa Kiingereza, kama tunavyoandika wote, kwamba rekodi ni ya kawaida, daktari akasaini. Shuleni wakasoma: kumbe alikuwa anadeka. Nyumbani bibi akasoma: Mungu amejibu. Dawa zikaachwa siku hiyohiyo, zote kwa mkupuo. Siku chache baadaye alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye mafiga. Aliporudi kwetu vidole viwili havikunjuki. Mama yake hakunilaumu. Alinionyesha karatasi yangu, ameitunza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo.

Tangu hapo kila karatasi ya namna hiyo naandika chini, kwa mkono, kwa Kiswahili: "Kipimo hiki hakisemi kwamba mgonjwa hana kifafa. Asiache dawa mpaka daktari aseme."

Yule mjomba wa wiki iliyopita nilimuuliza kama karatasi anayo. Anayo. Nikamwomba asome mstari wa chini kabisa, ule wa kalamu ya bluu. Akausoma polepole, neno kwa neno, kisha nikamsikia akigeuka upande wa pili:

"We mama Neema, zile dawa umeziweka wapi?"