Msimbo wa ugonjwa ni nini, na kwa nini dai la bima hukatwa

Msimbo wa ugonjwa ni herufi na tarakimu chache zinazoandikwa kwenye fomu ya bima kutambulisha ugonjwa aliokutwa nao mgonjwa. Orodha ya misimbo hiyo hutolewa na Shirika la Afya Duniani. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990 na bado ndilo lililozoeleka, ingawa toleo la 11 lilianza rasmi Januari 2022.

Kwa sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria, mfano wa karibu ni kichocho. Chukulia mvuvi kavuka kutoka Ukerewe kuja Mwanza mjini na kadi yake ya bima. Tumbo linamsokota, choo kina damu. Maabara wanapima choo na kukuta mayai ya kichocho cha tumbo. Msimbo wake ni B65.1. Kichocho cha mkojo ni B65.0, na ukikosea tarakimu hiyo ya mwisho umetaja mnyoo mwingine kabisa.

Daktari ana foleni inayofika mlangoni. Anaandika "maumivu ya tumbo", msimbo R10.4, halafu anaagiza prazikwanteli. Mvuvi anapewa dawa sahihi na kurudi kwao. Fomu, ambayo ndiyo dai la malipo la hospitali, inamfikia mkaguzi wa madai upande wa bima, ambaye hajamwona mvuvi wala kusikia maelezo yake. Anachokiona ni tumbo linalouma bila sababu kutajwa, na chini yake dawa ya kichocho. Anakata dai. Hospitali imetoa dawa, imetumia vitendanishi vya maabara, na hailipwi.

Ndiyo maana wakaguzi husema lisiloandikwa halikufanyika. Ni kauli ngumu kwa mtu aliyehudumia wagonjwa tangu asubuhi, lakini naiona ya haki, kwa sababu mlipaji hana ushahidi mwingine zaidi ya maandishi. Dalili, kipimo, jibu la kipimo, ugonjwa na dawa vinapaswa kufuatana ndani ya faili, na fomu ilingane na faili hilo pamoja na rejista ya maabara. Tarehe zikipishana au saini ikikosekana, mwanya wa kukata umeshapatikana.

Hasara haiishii kwenye fedha. Taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa taifa wa taarifa za huduma za afya, hutokana na kumbukumbu hizohizo za vituo. Kichocho kikiingizwa kama maumivu ya tumbo, wilaya itaonekana haina wagonjwa wa kichocho, na wanaogawa dawa watapanga kwa hesabu isiyo ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kuna kosa baya kuliko uzembe: kuandika ugonjwa mzito kuliko uliopo ili malipo yapande. Kipimo kimesema hakuna malaria, fomu inasema malaria kali. Huo ni udanganyifu, na mgonjwa anabaki na historia ya ugonjwa ambao hakuwahi kuugua. Mgonjwa naye asikubali kusaini fomu tupu. Aombe ijazwe kwanza, asomewe vipimo na dawa alizopewa, ndipo asaini.

Ukigundua umekosea kwenye faili la karatasi, usifute wala usipake wino mweupe. Piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, andika sahihi pembeni, kisha weka tarehe, jina na saini yako.