Meli imetia nanga masaa machache, usiyakimbilie matumbawe

Meli za kitalii ratiba zao zinajulikana, asubuhi mnafika kisiwani halafu jioni wote muwe mmesharudi ndani, kwahiyo watu wanashuka na haraka zao, boti inawapeleka hadi kwenye matumbawe, wanagawiwa miwani, mrija na mapezi vya kusnokeli (kuelea uso ukiwa majini huku ukipumulia mrija), maelezo dakika chache, haya rukeni. Na wengi wao hapo hawajaogelea miaka. Sisi wa uhifadhi wa bahari kila siku tunaulizwa habari za papa, ila matatizo tunayoyaona, ya watu na ya viumbe, mengi yanaletwa na hiyo haraka.

Kwanza mwili wako. Jaribu vifaa kwenye maji ya kiunoni, usisubiri mpaka uwe kwenye kina. Bandika miwani usoni bila mkanda uvute hewa kwa pua, ikishika yenyewe bila kudondoka basi inakufaa, isiposhika omba nyingine (wenye masharubu mtasumbuka kidogo, maji yanapenyea hapo hapo). Ndani ya kioo paka mate halafu suuza, haitafunga ukungu.

Sasa hili la mrija wengi hawalijui. Kuvuta hewa kwenye mrija ni kazi kuliko kuvuta hewa ya kawaida, na mrija mwembamba au uliojaa vidude vya kuzuia maji unakaza zaidi. Wachunguzi wa Hawaii walioangalia vifo vya watu waliokuwa wakisnokeli wanaona baadhi yao hawakumeza maji kabisa, ni ule uvutaji hewa wa kulazimisha uliofanya mapafu yajae majimaji kutoka mwilini mwenyewe, na mtu anaondoka kimyakimya bila kupiga kelele wala kurusha mikono, wengine sehemu ambayo wangeweza kusimama. Ukiona umeishiwa pumzi bila sababu au mikono na miguu imelegea ghafla, toa mrija mdomoni, geuka ulale chali, inua mkono uite msaada. Usijikaze eti mpaka ufike kwenye boti. Mwenye shida ya moyo au mapafu aongee na daktari kabla ya safari, na pombe ya mchana iache mpaka utoke majini, hiyo sibembelezi mtu.

Ukishatulia, elea tu. Yaani usifanye kitu. Samaki waliotawanyika uliporuka wanaanza kurudi, na masikio yakiwa ndani ya maji utasikia kitu kinatafuna, krap krap krap, huyo ni pono anakwangua mwani kwenye mwamba kwa meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Mfuate kwa macho, baada ya muda utaona nyuma yake linatoka wingu jeupe. Huo ni mchanga, amesaga mwamba kwa meno ya kooni na sasa anautoa, na fukwe nyingi nyeupe za visiwa vya joto zina mchanga wa namna hiyo, ndio ule mnaolalia mkipiga picha. Anayekimbizana na samaki haya hayaoni hata alipie safari mara kumi.

Kasa naye muache. Anapumua hewa kama wewe, akiwa kwenye shughuli zake anapanda juu kila baada ya dakika kadhaa, sasa watu kumi wakimzingira kwa juu atapitia wapi? Kaa pembeni, mwachie njia ya juu na ya mbele, mara nyingi ataendelea kula nyasi zake kama haupo. Kwenye bahari ya Hindi na Pasifiki kuna samaki aitwaye kikande mkubwa ambaye akiwa analinda mayai anang'ata kweli kweli, na eneo analolilinda linapanuka kadiri unavyopanda juu, kwahiyo akikujia ondoka kwa pembeni, usipande moja kwa moja.

Kuhusu kulisha samaki, mfano mzuri ni taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, wa Grand Cayman, kisiwa cha Karibea. Wavuvi walikuwa wakisafishia samaki kwenye maji matulivu ya huko, taa wakazoea mabaki, leo ni kivutio kikubwa cha abiria wa meli. Utafiti uliotoka 2013 ulionyesha taa wanaolishwa na watalii wamegeuza maisha, kwa asili wanatafuta chakula usiku tena kila mmoja kivyake, hawa wanahangaika mchana wakiwa wamesongamana. Wageni wanafurahi ndio, mimi bado sishawishiki.

Matumbawe ni wanyama hai, usisimame juu yake hata ukichoka, yale ya duara makubwa mengi hayaongezeki hata sentimita moja au mbili kwa mwaka na pezi moja linabomoa ukuaji wa miaka. Losheni za jua zenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe, nchi ya visiwa ya Palau walizizuia 2020, Hawaii wakazuia kuuzwa kuanzia 2021. Ila tusidanganyane, kinachoyapausha hasa ni joto la bahari, Aprili 2024 ilitangazwa kwamba upaukaji wa dunia nzima unatokea kwa mara ya 4. Hata hivyo fulana ya mikono mirefu inakukinga mgongo vizuri kuliko losheni, hivyo vaa hiyo, losheni ibaki ya usoni na miguuni.

Ukitembea kwenye mchanga buruta miguu usinyanyue, taa aliyejifukia atasikia atasogea. Akikuchoma, au ukakanyaga samaki jiwe, toka majini, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90, na ajaribu mtu mwingine kwanza kwa mkono wake maana wewe kwa maumivu hayo hutajua kama unaungua. Aliyechomwa kifuani au tumboni mwiba usichomolewe, akimbizwe hospitali. Wa mguuni hata maumivu yakiisha aonekane na daktari kabla meli haijaondoka, kipande kikibaki ndani kidonda kinaoza.