Kutaja hoja ya mpinzani hakudhoofishi insha yako

Wanafunzi wengi huamini kwamba katika insha ya kushawishi, ukigusa tu hoja ya upande wa pili umejimaliza. Si kweli. Msomaji anayekupinga tayari anayo hoja hiyo kichwani. Ukiinyamazia, atadhani hukuifikiria, au umeikimbia.

Chukua marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Unaiunga mkono? Basi kwenye rasimu andika kwanza pingamizi zito kuliko yote: mama anayeuza mchicha gengeni analazimika kununua mifuko mbadala, na faida yake yenyewe ni ya shilingi chache. Likubali waziwazi, kisha lijibu: mteja anaweza kuja na kikapu chake, na mtaro ukizibwa na plastiki, maji ya mvua huishia kwenye genge lilelile.

Pingamizi hilo liweke katikati ya insha, kabla ya hoja yako nzito zaidi. Ukilibakiza hadi aya ya mwisho, ndilo msomaji atakaloondoka nalo. Na usichague pingamizi la kitoto ili ulishinde kirahisi (wengi hufanya hivyo). Msahihishaji hung'amua mara moja.