Gari Jipya Linalogombaniwa: Ya TRA ni Ngapi, ya Muuzaji ni Ngapi?

Toleo jipya la gari linalopendwa likiingia Dar es Salaam, bei hupaa, na mteja akiuliza sababu huambiwa, "Bosi, kodi zimepanda." Jibu hilo usilipokee hivihivi. Kodi ya gari inayotozwa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, si siri, unaweza kuikokotoa mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi.

Chukua gari jipya lenye injini inayozidi cc 2,000. Tuseme bei ya kulinunua nje, bima na meli hadi bandarini ni shilingi milioni 100. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaifikisha milioni 125. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 10, tunakuwa milioni 137.5. VAT ya asilimia 18 inatufikisha milioni 162.25. Zimebaki tozo ndogo kama ile ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Sasa ukitajiwa milioni 210, una haki ya kuuliza pengo hilo limejaa nini.

Sehemu yake ni faida halali, kwani muuzaji ana kodi ya pango, mafundi na mkopo wa benki. Sehemu nyingine inatokana na uhaba tu. Haya yapo duniani kote. Marekani, sheria ya mwaka 1958 inataka gari jipya libandikwe bei inayopendekezwa na kiwanda, lakini muuzaji anaruhusiwa kuipita. Chipu za kompyuta zilipoadimika, nyongeza zilizidi hadi Ford na General Motors wakawaonya wauzaji wao mwanzoni mwa 2022. Japani, Suzuki Jimny ya 2018 iligombaniwa hadi zilizokwisha kutumika zikauzwa ghali kuliko mpya.

Hapa kwetu pia serikali haipangi bei ya magari, kwa hiyo kupandisha bei peke yake si kosa. Kumdanganya mteja ndiko kosa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Soma ankara ya awali mstari kwa mstari. Nyongeza hupenda kujificha kwenye "maandalizi ya gari", au kwenye tinti, makapeti na kifaa cha kufuatilia gari ambavyo hukuviomba. Omba viondolewe. Muuzaji akikataa, angalau umejua unalipia nini. Bei itajwe kwa shilingi: kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini.

Ukitoa kishika uchumba ili uwekwe kwenye foleni, maandishi yaonyeshe bei ya mwisho, tarehe ya kukabidhiwa gari, na masharti ya kurudishiwa pesa. Na kama gari limeletwa na mfanyabiashara asiye wakala wa kiwanda, uliza ni karakana ipi hapa mjini itakayoitambua waranti yake. Wengi huuliza swali hili taa ya injini ikishawaka.

Mwisho, risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ilingane na pesa uliyotoa. Ukilipa milioni 210 ukapewa risiti ya milioni 170, zile 40 hazina ushahidi popote, na siku ya kudai haki yako hutakuwa na cha kuonyesha.