Saiklini D1: Protini Isiyostahili Kuwamo Ndani ya Limfosaiti B

Ninapoweka chini ya hadubini kipande cha tezi ya limfu kilichopimwa saiklini D1, protini inayoisukuma seli igawanyike, kwa kipimo kinachoipaka rangi ya kahawia, mimi huanza kwa kutazama kuta za mishipa midogo ya damu, kwa sababu viini vya seli zake hutoka rangi ya kahawia hata pasipo ugonjwa. Visipotoka rangi hiyo, kipimo chenyewe hakiaminiki. Baada ya hapo ndipo ninapozigeukia limfosaiti, seli nyeupe za kinga; za aina ya B ndizo zinazotengeneza kingamwili.

Limfosaiti B za kawaida hugawanyika kwa kutumia saiklini D2 na D3, si D1. Kwa hiyo, nikikuta viini vya limfosaiti B vimekolea kahawia, kwanza huiwazia limfoma ya mantili, yaani saratani ya seli za ukanda unaovizunguka vitovu ambamo limfosaiti huzaliana. Kwa kawaida chanzo chake ni kromosomu ya 11 na ya 14 kukatika na kubadilishana vipande, hata jeni ya saiklini D1 ikaangukia jirani na jeni ya kingamwili, ambayo ndani ya limfosaiti B haipumziki.

Saiklini D1 hushikamana na vimeng'enya CDK4 na CDK6, navyo huibandika fosfeti protini iitwayo RB. Kazi ya RB ni kuikamata E2F, protini inayowasha jeni za mgawanyiko, ili seli isianze kunakili vinasaba vyake kabla ya wakati. Ikishabandikwa fosfeti, huiachilia, na seli huvuka kutoka hatua ya G1, ya maandalizi, kuingia S, ya kunakili vinasaba, bila kungoja amri kutoka nje.

Hata hivyo, sikubaliani na maelezo yanayoibebesha saiklini D1 mzigo wote. Panya wa maabara ambao limfosaiti zao zilifanywa ziitengeneze kwa wingi hawakupata limfoma kwa urahisi, mpaka ilipoongezwa jeni ya MYC, ambayo nayo huchochea seli zikue na kugawanyika. Kwa wagonjwa pia, ukali huongezeka breki nyingine za mgawanyiko wa seli zinapokatika, hasa protini p16, ambayo huvizuia CDK4 na CDK6, na p53.

Ndiyo maana sitoi ripoti bila Ki-67, protini inayoonekana katika seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika tu. Ikionekana katika asilimia 30 au zaidi ya seli za saratani, ugonjwa huelekea kwenda kasi. Huhesabu seli moja moja, nikivikwepa kwa makusudi vitovu vya kawaida vilivyosalia, kwa kuwa limfosaiti zenye afya zilizomo humo huweza kugawanyika kwa kasi kuliko zile za saratani.