Ruta ya Nyumbani kwa Mtu Asiyeona: Ijaribu Kabla ya Kulipa

Kila inapokaribia Oktoba 15, Siku ya Fimbo Nyeupe, dawati letu la watumiaji hupokea maswali kutoka kwa wasioona wanaotaka kufunga intaneti nyumbani. Swali huja kwa sura ileile: "Ruta ya wasioona inauzwa wapi?" Usizunguke Kariakoo kutafuta boksi lililoandikwa hivyo. Zilizopo ni ruta za kawaida, yaani vifaa vya kusambaza intaneti nyumbani. Baadhi yake unaweza kuziendesha mwenyewe kwa kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini), na nyingine zitakulazimu kumwita mtu kila unapotaka kubadili nywila. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye boksi, na muuzaji wa kawaida haijui.

Nachukulia kwamba msomaji tayari anatumia kisoma skrini kama TalkBack, VoiceOver au NVDA. Kwa nafasi yangu sitaji chapa, kwa sababu kampuni ileile inaweza kutoa modeli inayosomeka vizuri mwaka huu, mwakani ikabadili programu na vitufe vyote vikapoteza majina.

Ruta huendeshwa kupitia milango miwili: ukurasa unaofunguliwa kwenye kivinjari kwa namba kama 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na programu ya simu. Ipime yote miwili. Mara nyingi mmoja husomeka na mwingine ukawa ni "kitufe, kitufe, kitufe" kuanzia juu hadi chini. Mwombe muuzaji aichomeke ruta kwenye umeme palepale dukani, kisha fanya kazi tano bila msaada wake: ingia kwa nywila, badili jina la waifai, badili nywila yake, angalia vifaa vilivyounganishwa, halafu izime na kuiwasha upya kutoka ndani ya mipangilio. Ukikwama kwenye mojawapo, irudi kwenye boksi. Muuzaji anayekataa kufungua boksi ana haki yake, na wewe una haki ya kubaki na pesa yako.

Mitego ninayokutana nayo ni ileile. Kuna ukurasa wa kuingilia unaodai uandike herufi zilizo ndani ya picha, bila njia ya kuzisikia. Kuna swichi zinazosomwa kwa jina lakini hazisemi kama zimewashwa au zimezimwa. Kuna kosa linaloonyeshwa kwa rangi nyekundu tu. Na kuna ukurasa unaokutoa nje baada ya dakika chache za ukimya. Anayeona hamaliziwi muda kwa sababu anaruka moja kwa moja hadi anapotaka, lakini wewe unapita mstari kwa mstari. Lugha nayo ni mtego. Kurasa nyingi ziko kwa Kiingereza, na zikisomwa na sauti ya Kiswahili hutoka maneno yasiyoeleweka. Badili sauti ya kisoma skrini kabla hujailaumu ruta.

Tuje kwenye mwili wa ruta. Watengenezaji wamezoea kusema kwa taa, na mafundi wameiga: "Ikiwaka ya kijani imekubali." Uliza kama hali ya mtandao imeandikwa pia ndani ya ukurasa au programu. Programu ya simu ya Seeing AI, inayowasaidia wasioona, ina kipengele kinachogeuza mwanga kuwa mlio, kwa hiyo unaweza kujua kama kuna taa inayowaka, ila mlio huo hauelezi rangi. Matundu ya waya nayo hutofautishwa kwa rangi. Tafuta ruta ambayo tundu la kuingizia mtandao limetengwa kidogo na mengine ili kidole kilitambue, la sivyo bandika kipande cha plasta siku ya kwanza.

Kitufe cha kufuta mipangilio kinahitaji uangalifu zaidi. Kwenye ruta nyingi ni kitundu kinachobonyezwa kwa pini, na hapo uko salama. Lakini zipo ambazo kitufe kimoja kina kazi mbili: ukikibonyeza mara moja kinaunganisha kifaa kipya, ukikishikilia kwa sekunde kadhaa kinafuta kila kitu na ruta inarudi ilivyotoka kiwandani. Mtu anayepapasa kutafuta kitufe cha kuwashia anaweza kuifuta ruta yake na asijue. Papasa pande zote ukiwa dukani na uulize kila kitufe kazi yake.

Kuhusu antena: wingi wake si kipimo cha kasi. Nimelisema hili kwenye semina hadi nimechoka.

Ukiunganishwa faiba (intaneti ya waya wa nyuzi za kioo), mara nyingi hutachagua kifaa. Fundi huja nacho. Uliza kabla ya kusaini kama unaruhusiwa kufunga ruta yako mwenyewe nyuma ya kile cha kampuni. Ukiwa na ruta yako, waifai na nywila utavisimamia kwenye kifaa ulichokijaribu, na kile cha kampuni kitabaki na kazi ya kupokea mtandao tu. Unaponunua, inafaa pia kujua kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya ufikivu (bidhaa kuweza kutumiwa na watu wenye ulemavu) imeanza kutumika Juni 28, 2025, na utangulizi wake unataja ruta na modemu. Haimbani muuzaji wa hapa. Hata hivyo, kama modeli inauzwa Ulaya, tafuta maelezo ya mtengenezaji kuhusu ufikivu wake.

Sasa suala linalotuletea malalamiko mengi. Ruta isiyosomeka humfanya mtu ampe fundi, jirani au shemeji nywila ya usimamizi (ile ya kuingilia mipangilio ya ruta), na nywila hiyo haibadilishwi tena. Mwenye nywila hiyo anaweza kuona vifaa vyako, kubadili mipangilio, hata kukufungia nje. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara 3 ya thamani ya faida iliyopatikana isivyo halali, kutegemea ipi ni kubwa; au kifungo kisichopungua mwaka 1; au vyote viwili. Maneno "isivyo halali" yasomeni vizuri. Kama ulimpa nywila mwenyewe na hukuibadili, itakuwa kazi kuthibitisha kwamba idhini ilikwisha lini. Hali ni hiyohiyo kwa anayesomewa nywila iliyochapwa chini ya ruta na mtu wa kujitolea kupitia Be My Eyes, programu inayomwonyesha mtu huyo kwa video kilicho mbele yako. Huduma ni nzuri, siipingi; ibadili tu nywila hiyo saa ileile.

Ruta inayotumia laini ya simu ina jambo la ziada: laini isajiliwe kwa alama zako za vidole na namba yako ya NIDA, si za fundi kwa sababu "alikuwa na haraka". Iweke kwanza kwenye simu, piga *106# uhakiki usajili, ndipo uihamishie kwenye ruta.

Ukishindwa kutumia kifaa ulichopewa, usianzie mitandao ya kijamii. Anza na mtoa huduma wako, kwa maandishi, na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) pamoja na namba hiyo. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano linaweza kukusaidia kuliandaa. Juu ya hapo kuna Baraza la Ushindani. Wanaoruka hatua ya kwanza hurudishwa, kisha husema hatujali. Taja pia ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Inazungumzia teknolojia ya habari na mawasiliano waziwazi.

Na tafadhali, msiandike "ruta mbovu". Andika modeli, kisoma skrini unachotumia na hatua uliyokwamia. Ambatisha rekodi ya sauti ya kisoma skrini kikisema "kitufe, kitufe, kitufe". Sekunde 30 zinatosha.